Makame na Kiburi cha Maji

Jamaa, leo Makame kaanguka mbele ya mlango wa mkwewe mtarajiwa.

Mimi na yeye tunavuta gari la hamali. Tangu asubuhi tunapeleka magunia ya karafuu bandarini, na jua la leo linakaanga mawe. Kila nikisimama bombani kunywa, yeye ananicheka.

"Mwanamme hanywi maji kama punda."

(Punda ana akili kumshinda.)

Kufika mtaa wa Malindi akaanza kuyumba. Nikamwita, hajibu. Mara akaliachia gari, akaanguka. Gari likarudi nyuma kwenye mteremko, nusura linipande mimi niliyekuwa nasukuma kwa nyuma. Nikalizuia kwa mgongo, huku napiga mayowe.

Akatoka Bi Time, mama wa msichana ambaye Makame anataka kumposa. Akammwagia mtungi mzima kichwani.

Makame akafumbua macho. "Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba. Kunywa maji."

"Nshakunywa, mama."

Bi Time akanigeukia mimi. Nikasema kweli.

"Basi kunywa," akamwambia, "mwanangu simwozi maiti."

Kanywa mpaka tumbo likawa linasikika akitembea.

Nambieni, nicheke sasa au ningoje harusi?