Mkate Uliolala Kifudifudi

Kaka yangu Anselme alikuwa hakati mkate kabla ya kuupindua na kuuchora msalaba chini kwa ncha ya kisu. Kisha aliulaza vizuri, uso juu, akamkatia Mama kwanza. Hata alipokuwa anajificha darini hakuacha.

Alikuwa fundi mapipa. Ukipita karakanani kwake ulimsikia akiimba vibaya. Vita vikamchukua, na alipopewa likizo alirudi haimbi. Siku ya kupanda treni kurudi vitani alikaa kitandani akafunga viatu, akavifungua, akavifunga tena. Mama akamwambia, "Basi vua." Akavua. Watu tukawaambia ameshaondoka.

Mkate nilikuwa naufuata mimi kwa Bwana Gosselin. Wanawe wawili waliuawa vitani, wa pili majira ya kuchipua ya mwaka ule.

"Mama yako siku hizi anakula sana," akaniambia.

"Ni baridi, mzee."

"Baridi. Mwezi wa sita, na joto lote hili."

Wanawake kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka. Akachukua mkate wetu akauweka mezani kifudifudi, mbele ya wote, na kicheko kikakatika. Zamani hivyo ndivyo mwoka mikate alivyomtengea mkata vichwa wa serikali mkate wake, mtu mwingine asiuguse. Kwetu ukilala hivyo unaita kifo nyumbani.

Ningeuweka sawa, lakini niliona nikiugeuza nitakuwa nimekiri kuwa tunamficha mtu. Nikaubeba vilevile. Nyumbani nikauweka mezani vilevile.

Anselme akashuka.

"Nani ameulaza hivi?"

"Umetoka dukani hivyo."

"Gosselin mwenyewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mzee yule ana uchungu wa watoto wake," Mama akasema. "Mwache."

"Namwacha, Mama."

Akachora msalaba, akaugeuza, akamkatia Mama kipande kikubwa kuliko siku zote, na mimi changu. Chake hakukata. Akachukua koti la marehemu baba.

"Unakwenda wapi mchana kweupe?"

"Askari wakinikuta humu watawachukua na nyinyi."

"Kaa ule kwanza."

"Nitakula nikirudi."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nikasogea apite. Alitoka kwa mlango wa mbele, akapita mbele ya duka la Gosselin bila kuinamisha kichwa, akashika njia ya stesheni ya treni.

Mama akamkatia kipande chake, akakifunika kwa kitambaa. Kikakaukia pale pale.