Toa Upepo

Nina hasira hadi leo, na ninayemkasirikia ni mimi. Nilikuwa katika wiki ya majaribio kwenye gereji ya mgodi, Geita, nimetoka chuo cha ufundi. Lori la kumpeleka hospitali mchimbaji aliyevunjika mguu lilikuwa limezimika, tukabadilisha chujio la dizeli. Fundi Masanja akaniambia, "Toa upepo, halafu uwashe," akaenda kumleta mgonjwa.

Upepo wa nini? Niliona haya kuuliza, mimi msomi mzima. Nikawaza, nikawazua, nikaamua: gari likishuka, dizeli itafika vizuri kwenye injini. Nikafungua vali za magurudumu yote sita.

Masanja alirudi, akatazama matairi.

"Msomi, nilisema upepo ulioingia kwenye chujio, unaozuia dizeli."

Mgonjwa akainua kichwa kutoka kwenye machela.

"Nipeni pampu. Mguu ndio umevunjika, mikono ipo."