Tegu Kichwani mwa Kaka

Daktari alitugeuzia kompyuta, akatuonyesha kiduara kidogo cheusi ndani ya ubongo wa kaka, chenye nukta nyeupe katikati. Kipimo cha kwanza, tulichofanya Morogoro, hakikuona kitu. Hiki cha MRI, hapa Dar, ndicho kilichokiona.

Kaka alikuwa analima karoti milimani juu ya Mlali hadi kifafa kilipomwanza ukubwani, baba akamkataza kupanda shambani peke yake. Mimi nimemaliza chuo, sina kazi, kwa hiyo nilisoma kila kitu kwenye simu. Kufikia siku hiyo nilishamzika kaka kichwani mwangu mara kadhaa.

"Ni mtoto wa tegu," daktari alisema. "Mnyoo wa nguruwe."

Baba akasimama. "Daktari, sisi Waislamu. Nguruwe hata kumgusa hatumgusi!"

"Keti, baba," kaka akasema. "Mimi ndiye mwenye mnyoo, na hata utamu wa nyama yenyewe siujui. Nani alalamike?"

Daktari akacheka, kisha akaeleza taratibu. "Mzee wangu, hapa si suala la kula nguruwe. Mtu mwenye tegu tumboni hutoa mayai chooni. Yakifika kwenye maji, mboga au mikono ya mpishi, yeyote anayameza. Dawa ipo, na kifafa kinaweza kupungua sana. Ila nyumba nzima mpimwe choo. Mmoja wenu akiwa na tegu, kijana ataambukizwa tena."

 Njia nzima niliwaza kachumbari ninayowakatia nyumbani, mikono yangu, na maneno ya watu msikitini. Zaidi niliogopa kwamba baba atakataa kwa aibu, na kaka aanze dawa bure.

Nyumbani mama alisema nilichokuwa nakiogopa. "Watu watasema tunakula nguruwe."

"Waseme," baba akajibu. "Vile vikopo vya choo tulivyopewa hospitali viko wapi?"

"Baba andika jina," kaka akasema, "usije ukapewa majibu ya mama."

Mama akamrushia kanga.

Asubuhi tuliteremka kwenda zahanati, baba mbele, kikopo mkononi, hata kukifunika hakukifunika. Mimi nilikuwa nimekificha changu ndani ya mifuko miwili. Njiani tukakutana na kijana wa jirani.

"Shikamoo mzee. Mapema yote hii umebeba nini?"

"Marahaba. Choo changu," baba akasema. "Napeleka kipimwe, mwanangu apone."