Mteremko Uliomshinda Dereva wa Makaa

Nimekasirika, na kilichonikasirisha ni gemu. Juzi, kwenye kibanda kimoja cha gemu za runinga karibu na stendi ya Mbinga, dereva wa malori ya makaa ya mawe kule Ngaka, mtu mzima, aliomba naye ajaribu gemu la kuendesha lori. Mteremko ulipoanza akaweka gia ya pili. Kila kona akapiga honi. Runinga ikamwambia muda umekwisha, ameshindwa. Akarudia, akashindwa tena. Vijana wa bodaboda nyuma yake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mzee wangu," akasema mwenye kibanda, "achana na breki, kanyaga mafuta. Humu ukigonga watu hawafi."

Dereva akauachia usukani wa plastiki taratibu. "Ninakoendesha mimi wanakufa," akajibu, akainuka.

Gemu gani hili linalomfelisha mtu kwa sababu ana akili timamu? Wale vijana walipocheza walishinda wote, na hakuna aliyegusa breki. Kisha wakatoka nje, wakapanda pikipiki zao, mmoja akanipungia mkono: "Bosi, twende?"

Nilikwenda nyumbani kwa miguu.