Karani Aliyeutaja Mji wa Njia Panda

Watu wakisikia nilifanya kazi Ikulu miaka kumi na saba, wanadhani nilikuwa nakula kuku kwa mrija. Kuku gani! Nilikuwa napika chai. Nilikuwa mhudumu wa chumba cha vikao, mtu pekee wa jikoni aliyeruhusiwa kubaki ndani mlango ukishafungwa, kwa sababu wakubwa nao hukauka koo. Niliapishwa kama wao: la humu lifie humu. Sasa vita vimekwisha, wengi wa waliokaa meza ile wametangulia mbele ya haki, na mimi nimechoka kulibeba hili peke yangu. Anayetaka kunifunga na aje, atanikuta nyumbani.

Wala sisimulii habari za wakubwa. Wakubwa wana watu wa kuwaandikia vitabu. Namsimulia karani.

Tulimwita Bubu. Hakuwa bubu wa kuzaliwa, ni kazi iliyompa jina. Yeye ndiye aliyeandika kila kilichosemwa kikaoni, na mwandishi wa kikao hasemi. Alikuwa na kimeza chake nyuma ya bega la kushoto la Rais, chembamba hata daftari lilikijaza chote, na kikombe nilikuwa namwekea dirishani. Sauti yake ilisikika mara moja tu, mwishoni. Rais husema, "Haya, karani," naye husimama akasoma maazimio. Akimaliza, kama hakuna aliyepinga, Rais hutia sahihi na neno linakuwa amri. Hata likiwa na kosa ni amri, yenye kosa lake. Miaka ishirini na miwili alisoma maneno ya wenzake kwa sauti nzuri, nzito, ya mtu ambaye angefaa kusoma taarifa redioni. La kwake mwenyewe sikulisikia hata moja.

Nje ya chumba mambo yalikuwa yale yale. Unamwuliza, "Kaka, habari za nyumbani?" Anakujibu, "Nzuri." Nyumbani kwenyewe hakuna mtu! Mkewe alikuwa amefariki zamani, na ndugu sikuwahi kumwona hata mmoja. Kantini akikaa meza hii, wenzake wanahamia ile, kwa sababu anayejua siri zote anaogopwa kama mgonjwa wa kuambukiza. Alikula akiutazama ukuta. Nilimhurumia, na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nilimtania: "Kaka Bubu, ukioa tena, bibi harusi atadhani ameolewa na kabati."

"Kabati halimponzi mtu, Mama Chai," alinijibu siku moja, akaendelea kula. Nilicheka. Sikujua alikuwa anasema kweli.

Basi vita vikiwa katika mwaka wa tatu, tetemeko likapiga. Kwetu vikombe viligongana kabatini tu. Ng'ambo ya mpaka, kwa adui, miji saba ililala chini. Nchi za mbali zikaleta meli za unga, mahema na dawa, zikatia nanga bandarini kwetu, maana bandari za adui tulikuwa tumezifunga sisi wenyewe. Balozi wao akaja na ombi: malori ya msaada yapite barabara zetu, na mizinga yetu inyamaze siku kumi katika kila mji utakaoandikwa kwenye orodha. Mji usioandikwa, shauri yake. Haupati unga, na mizinga inaendelea.

Walilijadili asubuhi tatu. Siku ya kwanza Jenerali alisimama, akavuta koti lake, akasema, "Mheshimiwa, wahenga walisema adui yako mwombee njaa. Sisi hata hatukuomba, imekuja yenyewe. Tuizuie ya nini?"

Waziri wa Afya, mwanamama mfupi aliyekuwa akitia sukari vijiko vinne, akamjibu, "Njaa haivai sare, Jenerali. Huko chini ya matofali wako watoto."

"Na mama wa wanajeshi wangu niliowazika nitawaambia nini?"

Na kusema kweli nilimwelewa, nikiwa na mpwa wangu mstari wa mbele. Rais alikuwa anavunja biskuti vipande vipande bila kula. Alikuwa na tabia hiyo akiwa hajui la kufanya, na mimi ndiye niliyesafisha makombo. Aliogopa wale wa meli wakikasirika watampa adui silaha. Akaogopa pia akikubali, jeshi litasema ameuza damu yao. Mara huku, mara kule. Wee! Nilitamani kumpiga na kitambaa cha meza.

Siku ya pili akalegea. Akamwambia Waziri wa Afya asome miji. Waziri akasoma yote saba, na wa kwanza ulikuwa ule mji wa njia panda, pale barabara ya kaskazini na ya kusini zinapokutana. Nilikuwa namwekea Bubu chai dirishani. Nikamwona ameacha kuandika. Mtu ambaye hakuwahi kuacha kuandika hata siku mawaziri wawili walipokunjana mashati! Kalamu ilisimama pale pale kwenye karatasi hadi wino ukafanya duara. Kisha akaendelea. Nikasema moyoni, mkono umechoka.

Siku ya tatu ndipo lilipotokea lile ambalo watu wenye akili peke yao ndio wanaoweza kulifanya. Jenerali alikubali kwa shingo upande, lakini akataka orodha ipangwe kwa barabara, apate kujua majeshi gani yanyamaze. Haya, watu wake wakaandika miji ya barabara ya kaskazini, na watu wa Waziri wakaandika ya kusini. Wa kaskazini wakauacha mji wa njia panda wakidhani uko kwa wa kusini. Wa kusini wakauacha wakidhani uko kwa wa kaskazini. Njia mbili zilimshinda fisi, na siku ile ziliishinda serikali nzima. Karatasi mbili zikabandikwa pamoja, akapewa karani. Hakuna aliyehesabu. Balozi alikuwa chumba cha nje anangoja, dereva wake ameshawasha gari.

"Haya, karani."

Bubu akasimama. Akasoma. Kaskazini miji mitatu. Kusini miji mitatu. Wakubwa walikuwa wameshaanza kukusanya makaratasi, Jenerali ameshavaa kofia. Rais akachukua kalamu. Karani akishasoma hukaa, ndio utaratibu. Bubu hakukaa.

"Mheshimiwa," akasema, "miji ilikuwa saba."

Jamani, nilikaribia kumwaga birika. Ilikuwa kama mlango umezungumza. Rais akageuka mzima mzima kwenye kiti.

"Upi haupo?"

"Wa njia panda. Uko kwenye kumbukumbu za jana, ukurasa wa nne."

Waziri wa Afya akapekua, akajishika kichwa. "Kweli! Mungu wangu, ndio ulioumia kuliko yote."

Ingeishia hapo. Rais alikuwa ameshainamisha kichwa aandike. Lakini Jenerali hakuwa mjinga, nampa haki yake. Akavua kofia taratibu, akaiweka mezani.

"Karani, miaka yote uliyokaa humu umeona makosa mangapi?"

"Mengi, Jenerali."

"Uliyanyamazia?"

"Ndiyo."

"Basi hili limekuuma nini?"

Nilijua, na kila aliyekuwa mle alijua, kwamba angeweza kusema lolote. Angesema huruma. Angesema umri. Mimi ningempa uongo kumi pale pale, tena mzuri! Lakini ndiyo hasara ya mtu asiyezungumza, hata uongo hajauzoea.

"Binti yangu ameolewa pale," akasema.

Rais aliuandika ule mji kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa, akatia sahihi, karatasi ikatoka kwa balozi. Kisha akasema bila kumtazama, "Arudi nyumbani kwake, na asiguswe." Askari wawili wakamchukua Bubu. Alifunika kalamu kifuniko kwanza. Chai yake ilibaki dirishani, nikaimwaga mwenyewe.

Wiki hiyo faili lake lilitembea meza hadi meza, nasi wa jikoni tukayasikia yaliyomo. Tangu vita vianze, kila mwaka wafanyakazi wote tulijaza fomu, na mojawapo ya maswali ilikuwa: taja jamaa zako walioko upande wa adui. Aliyetaja aliondolewa siku hiyo hiyo. Bubu alijaza mara tatu, kwa ule mwandiko wake mzuri: hakuna.

Niliogopa kwenda kwake. Nilipata ujasiri baada ya mwezi, Jumapili, nimejitanda hadi puani. Nikakuta nyumba ya vyumba viwili, safi, kiti kimoja. Kimoja! Ilibidi yeye akae kitandani, mlango wa kati ukiwa wazi, tukazungumza hivyo kama watu wa nyumba mbili. Mtaa mzima ulikuwa umemkata. Mwenye duka alimhudumia bila salamu. Jirani wa ukuta, ambaye mwanawe alifia vitani, alikuwa amehamisha hata kamba ya nguo isimwelekee. Sikuweza kumlaumu yule mama, na nilimchukia vilevile.

"Una habari yoyote ya binti?" nikamwuliza.

"Sina."

"Si umwandikie, kaka?"

Akaugeukia ukuta, nikadhani ndiyo yale yale. Kisha yakatoka, pole pole, kama maji ya bomba lililokaa muda. Harusi ya binti ilikuwa miaka mitano nyuma, na yeye hakuenda. Kulikuwa na kikao. Vita vilipoanza, binti alituma barua mbili kwa mikono ya wafanyabiashara. Ya kwanza aliomba baba amwambie tu neno lolote, aende wapi, abaki au akimbie. Baba alijua wapi mizinga ingepelekwa, alikuwa ameandika mwenyewe. Hakujibu. Jibu lingekamatwa, fomu ingeonekana ni ya uongo. Ya pili iliuliza kama yuko hai.

"Nayo?"

"Niliichoma, Mama Chai."

Nilinyanyuka nikavaa viatu, sikumuaga. Njiani nilimtukana kwa sauti, watu wakanigeukia. Jumapili iliyofuata nikarudi. Ningefanyaje? Hakuwa na mwingine.

Nikaendelea kwenda hivyo miezi mitano. Siku moja kikaoni karani mpya, kijana mwenye haraka, akasoma barua za shukrani zilizoletwa na watu wa msaada. Rais alipenda kuzisikia, magazeti yalikuwa yanazihitaji. Ya tatu ilitoka mji wa njia panda. Alipofika kwenye sahihi akasoma jina la mwanamke, na jina la baba yake likafuata. Hakuna aliyeinua kichwa. Nani anayejua jina la Bubu? Mimi nilikuwa nalijua, nilikuwa naliona kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio, mstari mmoja juu ya langu.

Niliiba ile barua. Ndiyo, niliiba, nikaitoa chini ya kitambaa cha sinia. Sikungoja Jumapili. Nilifika kwake napumua kama niliyefukuzwa. Nikaiweka mkononi mwake. Ilikuwa fupi, na kwa kuwa niliisoma mara nyingi njiani, naikumbuka yote:

"Mheshimiwa Rais. Tulikaa wiki mbili nje, tukila tulichookota. Unga wenu ulifika wiki ya tatu, na mizinga ilinyamaza. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili, alikunywa uji akalala. Tuliambiwa na watu wa msaada kwamba mji wetu ulikuwa umesahauliwa, mtu mmoja huko kwenu akaukumbuka. Simjui ni nani, maana mimi sina mtu upande huo. Mungu amlipe."

Alisoma. Akarudia. Mara ya tatu alikuwa anasoma kwa midomo.

"Mwanangu wa kiume," akasema. "Basi mimi ni babu."

"Ni babu, ndiyo! Hongera!" Nilikuwa nalia na kucheka. "Na wewe ndiye huyo mtu! Sikiliza, wale wa msaada wanarudi kule Jumatano, nimeshazungumza na dereva wao. Andika mistari miwili tu, aipeleke. Mwambie ni wewe. Amwombee baba yake akijua anamwombea nani!"

Nilimpa kalamu. Aliipokea, akaipanga karatasi kwenye goti, akaielekeza kalamu. Nikageuka dirishani nimwachie faragha. Nilingoja sana. Nilipogeuka, karatasi ilikuwa nyeupe na kalamu ananirudishia, ameishika kwa ncha.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini? Kila siku ulikuwa unaandika!"

"Akijua ni mimi niliyesema siku ile, atajua pia kwamba siku zote nilikuwa na mdomo."

Nikaipokea kalamu. Dereva aliondoka Jumatano bila kitu. Bubu aliishi miaka minne zaidi, na vita vilipokwisha mpaka ukafunguliwa, nikamwambia tena, akatikisa kichwa. Ile barua tulimzika nayo, mimi na wachimba kaburi wawili.