Kilima Kilichozunguka

Karatasi ya masharti ilibandikwa mlangoni pa maabara siku ya kwanza ya muhula, na Protima Layek aliisoma mara nne kabla ya kuthubutu kuingia. Mwanafunzi wa jiolojia wa mwaka wa kwanza awe na nyundo yake, kioo cha kukuzia na daftari la jalada gumu. Asikose mazoezi ya maabara zaidi ya mara mbili. Aende milimani siku nne, apime uelekeo wa tabaka za mwamba mahali arobaini, apime mwenyewe na aandike mwenyewe. Asiyefaulu kupima hafaulu somo, hata akipata mia kwenye mtihani. Hilo la mwisho lilipigiwa mstari.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Wenzake walikuwa vijana wa miaka kumi na minane waliomwita dada, na wengine kwa kujisahau wakamwita shangazi. Darasani hakuna mwingine aliyeolewa. Mumewe, Nitai, alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe, na ndiye aliyemwambukiza ugonjwa huu. Alizoea kurudi na kipande cha mwamba ndani ya mkebe wa chakula, kikiwa na alama ya jani, mishipa yake yote ikionekana kana kwamba limeanguka jana. Protima aliyapanga mawe hayo dirishani. Aliuliza majani yamefikaje chini huko. Nitai akasema kazi yake ni kuyatoa, si kuyahoji. Basi Protima akawa anamuuliza kila mtu, miaka tisa, mpaka mama mkwe akachoka.

"Nenda kasome basi, tupumzike," alisema yule mama. "Jiko nitalishika mimi. Lakini ukianguka mwaka wa kwanza, mkwe wangu, hakuna kurudia. Magoti yangu si ya kukodisha."

Sasa ilikuwa siku ya nne milimani, ya mwisho, na Protima alikuwa anaanguka.

Jioni iliyotangulia Mwalimu Memcha alimrudishia daftari likiwa jekundu. Vipimo thelathini na vinane kati ya arobaini vilikuwa vimekataliwa. Wenzake wote walipata tabaka zikielekea upande mmoja, digrii sabini na kitu. Zake mara hamsini, mara tisini, mara mia na kumi. Mwalimu, mwanamke wa Manipur, jimbo jingine la India, aliyefundisha hapa Bengal miaka mingi na hakupenda maneno mengi, alimwambia tu, "Protima, kilima chako kinazunguka." Darasa likacheka. Akapewa mpaka saa kumi ya siku ya mwisho kurudia yote. Saa kumi basi linaondoka.

Alianza alfajiri. Alifuata kila alichofundishwa: dira juu ya bapa la mwamba, mkono wa kushoto uishikilie, wa kulia uandike. Kama masharti yalivyotaka, funguo, simu na saa aliviacha ndani ya basi, na nyundo aliiweka mbali, maana chuma huvuta sindano ya dira. Kwa kuwa hakuwa na saa, alimuuliza kila aliyepita saa ngapi. Kufika saa sita alikuwa na vipimo ishirini, na vyote vilizunguka kama vya jana. Alitamani kukitupa kile kidude bondeni.

Wenzake walikuwa wanakula bisi za mchele kwa kitunguu na pilipili mbichi. Hakuweza kukaa nao. Alijipakulia kiganjani, akala amesimama, dira ikiwa juu ya jiwe mbele yake. Aliponyoosha mkono wa kushoto juu ya dira kuchukua kitunguu, sindano ikaruka.

Akarudisha mkono. Sindano ikatulia. Akapeleka wa kulia, haikutikisika. Akapeleka tena wa kushoto, polepole, na sindano ikaufuata kama mbwa aliyenusa samaki.

Bangili. Mama mkwe alimvisha siku alipoingia nyumba ile akiwa bibi arusi. Juu ilipakwa dhahabu nyembamba, lakini ndani ni chuma, na chuma ndicho chenye maana: mke haivui maadamu mumewe yu hai. Alipoambiwa aweke mbali kila kitu cha chuma, haikumpitia akilini hata kidogo. Kwa miaka kumi haikuwa tena kitu alichovaa. Ilikuwa mkono wake.

Aliufunga mkono huo mgongoni kwa mtandio wake na kuanza upya, kipimo cha kwanza. Sabini na mbili. Akaweka dira chini, akachukua kalamu, akaandika, akarudisha kalamu mdomoni, akaokota dira, akapanda. Mara mbili aliteleza kwa kukosa mkono wa kujishikilia. Mara moja alisahau namba kabla ya kuiandika, ikabidi arudi.

Jahir, mcheshi wa darasa, alimkuta hapo. "Dada, polisi wamekukamata lini?"

Akamweleza kwa maneno machache, huku anapima. Jahir akaacha kucheka. Alitazama huku na huku, akasema kwa sauti ya chini, "Si uivue tu saa hizi mbili? Mimi sijaona kitu."

"Saa ngapi sasa?"

"Nane na nusu."

"Nitai yuko chini," Protima alisema. "Zamu yake inapanda saa kumi. Nikiivua sasa, halafu..." Akaokota dira. Alikuwa na vipimo kumi na vinne.

Alimkataza Jahir asimwambie mtu. Jahir akaitikia, kisha akaenda moja kwa moja kumwambia mwalimu.

Mwalimu Memcha alipanda akihema. Aliutazama ule mtandio, akaomba aone mkono. Akaileta dira yake karibu na bangili, mara moja, mara mbili.

"Miaka yote niliyokaa hapa nilidhani bangili hizi ni dhahabu," alisema. "Ivue, Protima."

"Siwezi, Mwalimu. Mume wangu yuko mgodini mpaka saa kumi."

Protima alingoja aambiwe kwamba hapa ni mahali pa sayansi. Jibu alikuwa nalo: kwamba yeye mwenyewe hajui kama anaamini, ila hayuko tayari kujaribu leo, wala kesho. Lakini mwalimu alinyoosha mkono tu.

"Lete daftari. Wewe soma, niandike mimi."

"Masharti yanasema tuandike wenyewe."

"Masharti niliyaandika mimi. Soma."

"Sabini na moja."

"Endelea."

Wakapanda hivyo, mmoja mkono mgongoni, mwingine kalamu sikioni. Sabini na tatu. Sabini. Sabini na mbili. Kilima kilikuwa kimetulia. Protima hakutulia, kila baada ya namba aliuliza saa. Walipofika thelathini na tisa, basi lilipiga honi. Mwalimu akasema kimoja hakitamwangusha mtu. Protima alikuwa ameshaparamia jiwe la juu kabisa, kwa magoti na mkono mmoja.

"Sabini na mbili!"

Ndani ya basi mwalimu alipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, kalamu nyekundu mkononi, akaifunika bila kuitumia. Akatoa karatasi yake ya masharti. Mahali palipoandikwa funguo, simu, saa na nyundo, akaongeza kwa mkono: na bangili, mwalimu aulize kwanza.

Protima aliwasha simu. Saa kumi na dakika sita, hakuna kitu. Na dakika kumi na mbili, hakuna kitu. Alizungusha bangili, akasimama, akashika nguzo ya basi, akaketi, akasimama tena. Jahir akamwambia dada akae, anawatia watu kizunguzungu.

Saa kumi na nusu simu ikatetemeka. Nitai alikuwa ameandika: Nimepanda. Lifti ilikwama kidogo. Umepata ngapi?

Aliandika arobaini, akaituma, akiwa bado amesimama.