Wuri, fundi aliyeirudisha sauti ya mtangazaji chumbani kwake

Saa tatu kasoro robo asubuhi, kinachoonekana cha fundi Endah Wuryaningsih, anayeitwa Wuri, ni nyayo zake mbili tu. Mwili mwingine wote umo chini ya meza ya kompyuta, sebuleni kwa Bu (Mama) Tuminah, hapa Salatiga, mji wa kisiwa cha Java. Anafuata waya kwa kidole, taratibu, kama mtu anayetafuta uzi uliokatika kwenye kitambaa.

"Bu, hiki kisanduku kilichofunikwa kitambaa cha kushona ni cha nini?"

"Cha intaneti hicho."

"Na kile cha ukutani?"

"Nacho cha intaneti. Kipya."

"Kumbe viko viwili?"

"Cha zamani bado kinawaka taa, Mbak. Ningekitupaje kitu kizima?"

Kicheko cha huyo 'Mbak', yaani dada, kinasikika chini ya meza. Fundi anatoka kinyumenyume, utando wa buibui umemnasa nywele, anajifuta mikono kwenye suruali na kuomba karatasi. Yeye kabla ya kugusa kompyuta huchora nyumba kwanza: sebule, jiko, vyumba, na mistari inayoonyesha nini kimeungwa na nini.

Katika mchoro wa leo, mstari mmoja unaishia chumba cha nyuma. Humo amelala mume wa Bu Tuminah, Pak (Mzee) Wignyo, mwenye umri wa miaka 71. Mbele yake iko televisheni ambayo kwa siku ya tisa sasa inaandika maneno yaleyale: hakuna kifaa kilichopatikana.

Kwa wenyeji wa hapa walio na umri wa kutosha, Pak Wignyo hahitaji utambulisho. Kwa miaka 26 alisoma habari za asubuhi na bei za sokoni, kwa Kijava, katika redio ndogo ya wilaya ambayo sasa imefungwa. Agosti mwaka jana alipata kiharusi. Mguu wa kulia umeanza kurudi. Maneno ndiyo hayakurudi.

Mtaalamu wa tiba ya usemi alimpa mazoezi ya kila siku: asikilize rekodi zake za zamani, sentensi moja moja, mkewe azisimamishe kwa rimoti, naye arudie. Rekodi zipo 1,140. Kaseti zenyewe ziliota ukungu zikatupwa, lakini kabla ya hapo mpwa wake alizihamishia kwenye kompyuta ya sebuleni. Televisheni ya chumbani ilikuwa inazichukua huko kupitia mtandao wa nyumbani, mpaka siku ilipoacha.

"Alikuwa amefika maneno arobaini na mawili," anasema Bu Tuminah, akionyesha daftari la shule analoyaandika. "Televisheni ilipogoma, naye akagoma. Siku tisa hajasema hata 'maji'. Ananionyesha tu kikombe."

Alijaribu kumkalisha sebuleni mbele ya kompyuta, lakini mgongo haumruhusu kukaa zaidi ya dakika chache. Alijaribu flashi, akakumbuka kuwa tundu lake kwenye televisheni lilivunjika zamani. Mwanawe, Gandung, anayefanya kazi Balikpapan, alimwelekeza kwa simu mara tatu, na mara zote tatu wakaishia kugombana.

Ndipo jirani akampa namba ya Wuri.

Wuri ana miaka 44. Kwa miaka kumi na moja alisimamia duka la intaneti karibu na chuo, enzi ambazo wanafunzi walipanga foleni kupata kompyuta. Simu za mkononi zilipoingia kwa kila mtu, duka likafa. Mwenye duka hakuwa na mshahara wa mwisho wa kumlipa, akamwambia achague mashine mbili. Alizifungua zote mbili kwenye sakafu ya jikoni kwake, akazifunga, akazifungua tena, mpaka akaanza kuitwa na majirani.

Leo anatoza rupia elfu themanini kwa nyumba moja. Wiki nzuri hupata nyumba tisa, wiki mbaya tatu. Binti yake anasomea uuguzi Semarang.

"Nikigonga mlango wanadhani nauza vyombo vya plastiki," anasema. "Juzi mzee mmoja kanifungulia, kanipita, katazama barabarani, kaniuliza, 'Fundi yuko wapi?' Nikamwambia, 'Pak, ndiye huyu unayempita.'"

Kabla ya lolote anaanza kunakili rekodi zote kwenye diski ya pembeni aliyokuja nayo. Mashine inasema itachukua saa moja na dakika ishirini. Bu Tuminah anaguna.

"Nimekuita utengeneze, Mbak, si utuhamishe nyumba."

"Hizi ziko mahali pamoja tu duniani, Bu. Nikikosea kidole hapa, utamweleza nini Pak?"

Bu Tuminah anakwenda jikoni. Anarudi na tempe (soya iliyochachushwa) ya kukaanga, pilipili mbichi na chai.

Wakati wa kusubiri, Wuri anauliza swali analoliuliza kila nyumba: nini kilibadilika? Bu Tuminah anasema hakuna. Wuri anauliza tena. Hakuna kabisa, Bu Tuminah anarudia, isipokuwa yule mfanyakazi wa kampuni ya intaneti aliyekuja kufunga kisanduku kipya.

"Lini?"

"Jumanne ya wiki ile." Anahesabu kwa vidole, anasimama kwenye kidole cha tisa. "Oh."

Ilikuwa hivi. Mfanyakazi yule alifunga kisanduku kipya na kuihamishia televisheni huko. Kompyuta akaiacha kwenye cha zamani, na cha zamani akakiunganisha nyuma ya kipya. Pande zote mbili intaneti ilikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyeshuku kitu. Lakini televisheni na kompyuta sasa zilikuwa kwenye mitandao miwili tofauti.

"Ziko nyumba moja lakini kila moja ina ua wake na ukuta katikati," Wuri anamweleza. "Kompyuta inaweza kutoka nje ikaenda mpaka Jakarta, lakini chumba cha nyuma haikioni."

Rekodi zinapokwisha kunakiliwa, anahamisha waya wa kompyuta kwenye kisanduku cha ukutani na kuking'oa cha zamani. Bado televisheni haioni kitu. Hashangai. Kompyuta, ikijikuta kwenye mtandao mgeni, imedhani iko mahali pa hadhara, kama hotelini, ikajificha. Anaingia kwenye mipangilio, anaiambia kuwa iko nyumbani. Jina la kompyuta linajitokeza kwenye televisheni. Kisha kompyuta inadai nywila.

Nywila anaijua mpwa, na mpwa yuko kazini melini, simu haimpati.

Gandung, ambaye wakati huu yuko kwenye simu iliyowekwa sauti ya juu mezani, anakosa subira. "Mbak, ondoa nywila. Fungua diski nzima kwa kila mtu, dakika mbili umemaliza. Nani atamwibia mzee matangazo ya bei ya kabichi?"

"Sifungui diski nzima, Mas," anajibu Wuri, akimwita kaka.

"Kwa nini?"

"Sifungui tu."

Sababu anaieleza baadaye, akiwa ameshusha sauti. Miaka sita iliyopita aliitwa kwenye nyumba ya kupangisha wanafunzi. Mwenye nyumba alitaka filamu zake zionekane kwenye televisheni ya ukumbini. Ilikuwa kazi ya nne siku hiyo, amechoka, akafungua diski yote bila nywila na kuondoka. Ndani ya diski hiyo mlikuwa pia na barua za hospitali za binti wa mwenye nyumba, aliyekuwa ametibiwa maradhi ya akili. Wanafunzi wakaziona kwenye simu zao. Kabla ya Ijumaa, jina la utani walilompa binti huyo lilikuwa limefika mpaka msikitini na sokoni.

"Yule dada alihama mji," anasema Wuri. "Mama yake hakunitukana. Alinipigia tu, akaniuliza, 'Mbak, ulijua?' Sikujua. Lakini sikutazama pia."

Kwa hiyo leo anachukua njia ndefu. Anaitengenezea televisheni jina lake na nywila yake ndani ya kompyuta. Anairuhusu kuona folda moja tu, ile ya rekodi. Tena iwe kuona tu, bila uwezo wa kufuta. Inamchukua dakika arobaini, kwa kuwa kila herufi ya nywila inachaguliwa kwa mishale ya rimoti, na rimoti ya Bu Tuminah ina kitufe kimoja kinachobonyezwa kwa ncha ya kalamu.

Saa sita na dakika kumi, orodha inajaa kwenye kioo. Pak Wignyo anainua kichwa kutoka kwenye mto. Bu Tuminah anachagua rekodi ya kwanza inayomjia machoni, na sauti ya mwanamume, nzito na changamfu, inaanza kuwasalimu wasikilizaji.

Inatangaza hali ya hewa. Inaingia sokoni. Katikati ya bei ya karoti, inakatika.

Pak Wignyo anatazama kioo kwa muda. Kisha anageuza uso ukutani.

"Mbak," anaita Bu Tuminah.

Wuri ameshafika sebuleni. Kompyuta imelala usingizi. Hakuna aliyeigusa kwa dakika kumi, nayo imepangwa kujizima ili kubana umeme. Haitambui kuwa kuna mtu chumba cha nyuma anaitegemea. Anaiamsha, anafuta mpangilio huo, anakaa kwenye kiti akiitazama kwa dakika kumi na tano kamili, mikono mapajani, bila kugusa kitu. Haijalala.

"Jaribu sasa, Bu!"

Karoti inarudi. Baada ya karoti, kabichi. Baada ya kabichi sauti ile inatangaza, bila wasiwasi wowote, kwamba pilipili nyekundu asubuhi hiyo inauzwa rupia elfu tatu kwa kilo.

Kitandani kunasikika mguno. Mdomo wa Pak Wignyo unahangaika, mkono wa kushoto unapiga shuka. Bu Tuminah anasimamisha rekodi.

"The," anasema Pak Wignyo. "Thela." Anafumba macho, anavuta pumzi. "Thelathini."

Bu Tuminah anaangua kicheko mpaka anashika ukuta, na machozi yanamtoka humo humo. Ni yeye anayetueleza. Miaka kumi na minane iliyopita mumewe alikosea kusoma bei, akasema elfu tatu badala ya elfu thelathini, na kabla ya saa mbili asubuhi wanawake walikuwa wamejaa sokoni wakiidai pilipili ya redioni. Mkuu wa kituo alimwita ofisini.

"Miaka yote hiyo bado inamuuma!" anasema. "Wewe mzee wewe! Jina langu huwezi kulitaja, pilipili unaiweza?"

Pak Wignyo naye anacheka, mdomo umepinda upande mmoja. Bu Tuminah anaandika neno la arobaini na tatu.

Akifunga vifaa vyake, Wuri anakitazama kile kisanduku cha zamani, anauliza kama anaweza kukichukua. Anavikusanya vya aina hiyo, vingine anavitengeneza, vingine ni vya kufundishia. Mwenyekiti wa mtaa amemkubalia ukumbi kila Jumamosi baada ya kliniki ya watoto, afundishe kwa muda wa saa mbili bila malipo. Wanawake saba wamejiandikisha, mkubwa wao ana miaka sitini na mitatu.

Goti lake la kulia halikunji tena vizuri kwa sababu ya kutambaa chini ya meza za watu, na vijiji vya juu mlimani anashindwa kuvifikia kwa pikipiki. Anatumaini kabla ya mwaka kwisha wawili kati ya hao saba wataweza kupokea simu za wateja na kwenda kutengeneza wenyewe.

"Jumamosi ya kwanza hatugusi kompyuta," anasema, akivaa helmeti. "Kila mmoja atachora nyumba yake, aniambie vyumba vyote na nani analala wapi. Halafu tutaanza na waya."